Je, Ni Halali Kuchukua Uboho wa Mtoto Ili Kumwokoa Ndugu Yake?

Katika somo letu la maadili tuliulizana: mtoto wa miaka minne hawezi kutoa ridhaa. Je, tunaweza kuchukua uboho wake ili kumtibu mdogo wake?

Tuchukue ugonjwa wa Hurler, ulioitwa kwa jina la Gertrud Hurler, daktari wa watoto wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1919. Mtoto hurithi kasoro kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Mwili wake hukosa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani za sukari, nazo hujilimbikiza katika ini, moyo, mifupa na ubongo. Asipotibiwa, kwa kawaida hafikishi miaka 10.

Kimeng'enya hicho kikitolewa kwa dripu hakifiki ubongoni. Kwa hiyo, tangu miaka ya 1980, madaktari wamekuwa wakipandikiza seli shina za damu. Dawa kali huua kwanza uboho wa mgonjwa, kisha huwekewa seli za mtu mwingine. Hizo hutengeneza kimeng'enya na kuzigawia seli nyingine, hata ubongoni. Tiba hufaa zaidi ikifanyika mapema, kabla ya miaka 2 hivi. Hata hivyo, haiondoi madhara yote ya mifupa, na wengine hufa kutokana nayo.

Mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba na mama mmoja, ambaye ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa. Huchomwa dawa ya usingizi, na uboho huchotwa katika mfupa wa nyonga. Maumivu huisha baada ya siku kadhaa, na uboho hujijaza tena.

Mwanafalsafa Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Uzito uko katika neno "tu". Mtoaji habaki chombo tu ikiwa madhara kwake ni madogo, ikiwa hakuna mtu mzima anayefaa vilevile, na ikiwa yupo mtu wa kumsemea yeye, si mgonjwa peke yake. Tunaongeza sharti moja: mgonjwa akifa, mtoaji aambiwe wazi kwamba si uboho wake uliomuua.

Hati ya Kanisa Dignitas Personae ya mwaka 2008 inakubali seli shina za mtu aliyekwisha kuzaliwa, na za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, mradi mtoaji asidhurike sana. Inakataa zile zinazopatikana kwa kuua viinitete. Kadhalika, kutengeneza viinitete kadhaa maabarani, kuchagua kinachomfaa mgonjwa na kutupa vingine, ni kumpima mtoto kwa faida yake kabla ya kumpokea.

Basi, tunapomwombea mtoto mgonjwa katika jumuiya zetu, tumtaje pia ndugu yake aliyelala kitanda cha pili. Naye ni mtoto, si dawa.