Taka za Hospitali na Mazingira: Umuhimu wa Kutenganisha kabla ya Kuteketeza

Nyuma ya hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania hukutwa kijumba cha matofali chenye dohani ya bati. Hilo ndilo joko la kuchomea taka. Moto ukiwashwa, moshi mzito hupanda, na majirani walioanika nguo huziondoa kambani. Kwa muda mrefu joko hilo limehesabiwa kuwa ndio mwisho wa taka za hospitali: kilichoingia humo hudhaniwa kuwa kimetoweka. Sayansi haikubaliani na dhana hiyo. Maada haipotei kwa kuchomwa, bali hubadilika umbo tu. Sehemu yake huwa moshi, sehemu huwa majivu, na sehemu nyingine hubaki vile vile ilivyoingia. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza namna bora ya kuchoma, yafaa kuuliza ni vitu gani hasa vinavyostahili kufikishwa jokoni.

Aina za taka

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kiasi cha asilimia 85 ya taka zote zitokazo katika huduma za afya ni taka za kawaida, zisizo na hatari kuliko zile za nyumbani au ofisini: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula, na vifungashio vya dawa. Asilimia 15 tu ndizo zenye hatari. Humo mna vitu vilivyoingiwa na damu au usaha, sindano na vijembe, sehemu za mwili kama kondo la nyuma, dawa zilizokwisha muda, na kemikali.

Hebu tuchukue mfano wa hospitali inayozalisha kilo 100 za taka kwa siku. Iwapo taka zimetenganishwa tangu wodini, kilo zinazohitaji uangalizi maalumu ni 15 hivi. Lakini kama bandeji yenye damu imetupwa katika pipa moja na karatasi na maganda ya ndizi, pipa zima halina budi kuchukuliwa kuwa lina vijidudu. Kilo 15 zimekuwa 100, na mzigo wa joko, kuni au mafuta, pamoja na moshi, umeongezeka karibu mara saba. Hakuna mtambo, uwe wa bei yoyote, uwezao kurekebisha kosa hilo baadaye, kwani mtu atakayejaribu kuchambua taka zilizokwisha kuchanganyika hujiweka katika hatari ya kuchomwa na sindano.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake, udungaji wa sindano usio salama ulisababisha maambukizo mapya 33,800 ya virusi vya Ukimwi, maambukizo milioni 1.7 ya homa ya ini aina ya B, na 315,000 ya aina ya C. Sindano iliyotumika ikiokotwa jalalani na kutumiwa tena, au ikimchoma mfagiaji au mtoto anayecheza, huweza kuendeleza mlolongo huo huo.

Yatokeayo ndani ya joko

Joko dogo la matofali lina manufaa yake. Pale ambapo hapana njia nyingine, ni afadhali sindano zichomwe humo kuliko kutupwa ovyo. Hata hivyo, mipaka yake haina budi kueleweka.

Kwanza, chuma cha sindano huyeyuka kwenye nyuzijoto zinazozidi 1,300 za Selsiasi, na joko la aina hiyo halifikii joto hilo. Moto huua vijidudu, lakini ncha ya sindano hubaki majivuni, nayo bado yaweza kumchoma anayezoa majivu. Chupa ndogo za dawa nazo hupasuka kwa kishindo, au kioo chake hulainika na kuziba wavu wa joko.

Pili, ipo hatari isiyoonekana. Mifuko mingi ya damu na mipira ya dripu hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Plastiki hiyo ikiungua katika moto hafifu, huzaa sumu za jamii ya dioksini. Sumu hizi hujiunda zaidi moshi unapopoa kati ya nyuzijoto 450 na 200. Ili ziteketee, moshi unahitaji kukaa katika joto lizidilo nyuzi 850 kwa muda wa sekunde mbili, kisha upozwe haraka na kuchujwa. Mitambo yenye uwezo huo ni ghali sana, na majoko madogo hayana vifaa hivyo.

Dioksini haziyeyuki katika maji, ila hukaa katika mafuta. Huanguka juu ya majani, ng'ombe hula majani, nazo hujilimbikiza katika mafuta ya nyama na maziwa yake. Kwa njia hiyo zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zimfikiazo binadamu hupitia chakula. Mwaka 1997 aina iliyo kali kupita zote ilitangazwa kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hospitali inayochoma plastiki bila uangalifu huweza kumwondolea mgonjwa maradhi leo, na papo hapo kuyapanda maradhi mengine katika maziwa ya jirani yake.

Mvuke badala ya moto

Taka nyingi zenye vijidudu hazihitaji kuteketezwa. Zinahitaji vijidudu vyake vife. Kazi hii yaweza kufanywa na mvuke. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland, mshiriki wa Louis Pasteur, alitengeneza otoklevu, yaani chungu kizito chenye mfuniko unaobana. Maji yanapochemka ndani yake shinikizo hupanda, na kwa shinikizo la ziada linalokaribia lile la hewa iliyotuzunguka, mvuke hufikia nyuzijoto 121. Taka zikikaa katika mvuke huo kwa dakika zisizopungua 30, hata bakteria walio sugu hufa.

Yapo masharti mawili ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza ni kwamba hewa yote itolewe, kwa sababu pale ilipobaki hewa mvuke haufiki, na vijidudu husalimika. Mifuko isishindiliwe wala kufungwa kiasi cha kuuzuia mvuke. La pili lahusu miinuko. Katika mji kama Arusha, ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, wala si 100. Hapo kipimo cha shinikizo chaweza kuonyesha namba ile ile inayoonyeshwa Dar es Salaam, ilhali joto la ndani ni pungufu. Mwendeshaji hana budi kuangalia kipimo cha joto.

Otoklevu hutumia umeme na maji, na haifai kwa kemikali, dawa za saratani wala zebaki. Lakini haitoi dioksini, na plastiki iliyotoka humo, baada ya kukatwakatwa, yaweza kutumiwa tena viwandani. Mabaki ya chakula na kondo la nyuma huweza kupelekwa katika mtambo wa gesi ya samadi, yakatoa nishati ya kupikia. Katika miaka ya 2010 Tanzania, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, ilishiriki katika mpango wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa wa kuingiza mitambo isiyotumia moto katika hospitali.

Zebaki

Kipimajoto cha kioo kina kiasi cha gramu moja ya zebaki. Kipimo cha zamani cha shinikizo la damu chaweza kuwa na gramu 80 au zaidi. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357. Hivyo kipimajoto kilichovunjika kikitupwa jokoni, zebaki yote hupaa angani na kurudi kwa mvua. Katika matope ya maziwa na bahari, bakteria huigeuza kuwa sumu iingiayo katika samaki. Mji wa Minamata, Japani, ambako maradhi yatokanayo na sumu hiyo yaligunduliwa mwaka 1956, ulilipa jina lake mapatano ya kimataifa ya mwaka 2013. Mapatano hayo yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza baina ya nchi vipimo hivyo vyenye zebaki.

Ikimwagika, zebaki isifagiliwe, maana ufagio huigawa katika matone madogo yanayotoa mvuke zaidi. Madirisha yafunguliwe, matone yakusanywe kwa karatasi ngumu, kisha yatiwe katika chupa yenye maji na kufungwa barabara.

Hitimisho

Katika yote yaliyoelezwa, hatua iliyo kubwa ndiyo iliyo rahisi. Kila wodi iwe na vyombo vitatu, tena vikae mkononi mwa muuguzi: pipa la taka za kawaida, pipa la taka zenye vijidudu, na sanduku gumu la sindano, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Sindano isirudishiwe kifuniko chake, bali itumbukizwe sandukuni papo hapo. Maofisa ugavi nao, kabla ya kuagiza vifaa, wajiulize vitakwenda wapi vikishatumika, kwa kuwa zebaki na PVC zisizonunuliwa hazitahitaji kuteketezwa.

Mganga mkuu anayetaka kupunguza moshi wa hospitali yake asianze kwa kutafuta fedha za joko jipya. Na aingie wodini asubuhi, afunue mapipa, aangalie kilichomo.