Fataki, Matairi na Asubuhi ya Mwaka Mpya

Kila Desemba Jeshi la Polisi hukumbusha kwamba ni marufuku kupiga fataki bila kibali na kuchoma matairi barabarani mkesha wa mwaka mpya. Wengi huogopa ile saa sita usiku. Sisi tunaiogopa zaidi saa moja asubuhi, watoto wanapotoka kuokota mabaki ya fataki.

Fataki iliyogoma kulipuka haijafa. Utambi wake umeshaungua, umebaki kipande kifupi. Mtoto akiuwasha tena hapati nafasi ya kurusha wala kukimbia. Inamlipukia kiganjani au usoni. Ikigoma, iacheni, msiikaribie kwa dakika 20 hivi, kisha mtu mzima aimwagie maji, aichukue kwa koleo na kuilaza ndani ya ndoo ya maji hadi kesho yake. Isitupwe jikoni kwenye mafiga. Mama atakayeamka kuchemsha chai hajui kilichofichwa majivuni.

Stilwaya ya kusugulia masufuria nayo imekuwa mchezo: inawashwa, inafungwa kwenye waya, inazungushwa. Cheche zake huruka mbali, na huku kwetu Karagwe na Kyerwa kuna majani makavu migombani na petroli ya chupa kando ya barabara. Moto ukishinda nguvu za majirani, piga 114, Zimamoto.

Tairi likiisha kuungua huacha nyaya nyembamba majivuni. Ng'ombe hachambui anachomeza. Waya ukiingia na majani hukaa tumboni, na unaweza kutoboa kuelekea moyoni. Okoteni nyaya zote, mzifukie mbali na malisho. Na jivu hilo msilipeleke shambani. La kuni ni mbolea; la tairi lina zinki nyingi na sumu nyingine ambazo mgomba hauzihitaji.

Kuna jambo ambalo wenye matangi husahau. Kaya nyingi za huku hukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mabaki ya fataki huangukia hapo hapo: karatasi, plastiki, unga wa baruti. Rangi ya kijani angani hutokana na bariamu, nyekundu na strontiamu. Kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi madini hayo. Kwa hiyo, kabla ya sherehe, geuzeni bomba la mfereji lisiingie tangini, na mvua ya kwanza baada ya sikukuu iacheni ioshe bati na kwenda zake.

Mtu akiungua, mwagilieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvueni pete na nguo, ila nguo iliyonata ngozini iacheni. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, samli na kinyesi cha ng'ombe huongeza uchafu na kumpa mganga kazi ya kusafisha kabla ya kutibu.

Jicho likipigwa na fataki, msilisugue, msilioshe, msilidondoshee maziwa ya mama. Lifunikeni kwa kikombe cha karatasi bila kuligandamiza, mwende hospitali usiku huo huo: Nyakahanga, Isingiro au iliyo karibu zaidi. Chukueni na kadi ya kliniki ya mtoto, maana wataulizia chanjo ya pepopunda.