HERUFI NI AMANA: Maisha na kazi ya mchoraji Hossein Zenderoudi wa Irani



Ndugu Waislamu, wake kwa waume, tunamshukuru Mungu Mwenyezi aliyetukutanisha tena Ijumaa ya leo. Somo letu ni juu ya kalamu na herufi. Sote tunajua kwamba neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.) katika pango la Hira lilikuwa amri ya kusoma, na katika aya hizo za mwanzo kalamu ilitajwa. Basi leo tutamtazama mtu mmoja wa zama zetu aliyeishi na herufi maisha yake yote. Kisha tujiulize: sisi herufi tunazishika namna gani?

1. KIJANA WA TEHRAN

Charles Hossein Zenderoudi alizaliwa Tehran, mji mkuu wa Irani, mwaka 1937. Waislamu wengi wa nchi ile ni Mashia, na kila Muharram hukumbuka kwa huzuni kuuawa kwa Husein, mjukuu wa Mtume, katika uwanja wa Karbala mwaka 61 wa Hijra (680). Mtoto huyo mwenye jina hilohilo la Husein alikua kati ya maombolezo hayo.

Mwaka 1958, akiwa bado mwanafunzi wa sanaa, alichonga kisa cha Karbala juu ya linoleamu na kukipiga chapa kwenye nguo. Kazi hiyo hufanyika kama muhuri: unachonga, unapaka wino, unakandamiza. Leo chapa hiyo imehifadhiwa katika British Museum, huko London.

2. MAJI YA NJIANI

Katika mitaa ya zamani ya Irani kuna mahali panapoitwa saqqakhaneh, maana yake nyumba ya mnyweshaji maji. Ni kishubaka ukutani chenye maji na kikombe, ili mpita njia mwenye kiu anywe bure. Watu waliviweka kwa ukumbusho wa kiu ya watu wa Karbala. Hapo huwashwa mishumaa, na mwenye nadhiri hufunga kufuli ndogo au kitambaa kwenye nondo za chuma.

Zenderoudi na wenzake waliona kwamba vitu hivi vya watu wadogo vina uzuri wake. Wakati ule wasomi wengi wa Tehran walikuwa wakiitazama Ulaya tu, wakidhani kwamba sanaa ya kweli inatoka kwa wageni. Mwenzake Parviz Tanavoli, mchongaji wa sanamu, ameeleza jinsi walivyokwenda pamoja kwenye ziara ya Shah Abdol-Azim, kusini mwa Tehran, wakanunua karatasi za bei rahisi zenye dua, tarakimu na mihuri. Zenderoudi akachora picha zake akizifuata hizo karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhakiki Karim Emami aliwapa wachoraji hao jina la Saqqakhaneh, na jina hilo limebaki hadi leo.

Kuna kitu kingine kilichomgusa. Katika jumba la makumbusho la Tehran aliona shati la zamani lililoandikwa aya, dua na tarakimu, kuanzia shingoni hadi pindoni. Mashati ya namna hiyo yalivaliwa zamani kwa kutafuta kinga. Ndugu yangu, jambo hili si geni kwetu. Nani kati yetu hajaona hirizi shingoni mwa mtoto, au maandishi ya kombe yakioshwa kwa maji ili mgonjwa anywe? Masheikh wana maneno yao juu ya mambo hayo, na leo hatufungui mlango huo. Tunataka tu muelewe macho ya kijana yule yalikuwa yanatazama nini.

3. HERUFI ZISIZOSOMEKA

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Paris, Ufaransa. Mwaka 1962 alichora kwa wino picha kubwa, urefu wake zaidi ya mita mbili. Jina lake ni la ajabu: herufi na tarakimu zimeunganishwa kama katika karatasi za dua, na mwishoni kuna maneno ya Kifaransa yenye maana ya “baba yangu na mimi”. Kutoka mbali unaona viwiliwili viwili. Ukisogea karibu unaona kwamba vimejaa tarakimu, herufi na vijimraba visivyohesabika.

Miaka ilivyokwenda, aliacha maumbo ya watu, akabaki na herufi peke yake. Hapa lazima tuelewe tofauti. Mwandishi wa khati wa kawaida hukaa miaka mbele ya mwalimu wake. Hupima kila herufi kwa nukta za kalamu, na anachoandika ni aya, hadithi au shairi. Zenderoudi alifuata njia nyingine. Mara nyingi picha yake haina neno la kusoma. Ni herufi moja inayorudiwa, kubwa na ndogo, imelala na kusimama, mpaka inafanana na mvua au kundi la ndege. Wairani huita sanaa ya namna hii naqqashi-khatt, yaani uchoraji wa khati.

Wengine watauliza: herufi isiyosomeka ina faida gani? Si kuchezea kitu kitukufu? Swali ni la haki. Lakini tukumbuke kwamba sura 29 za Kurani zinafunguliwa kwa herufi zilizotengana, na wanazuoni wengi wamesema kwamba maana yake anaijua Mungu Mwenyezi peke yake. Hata hivyo tunazisoma katika swala, na Mtume ametufundisha kwamba kila herufi ina thawabu yake. Tusichanganye mambo: herufi za mchoraji si wahyi, na hakuna anayezisujudia. Ila Muislamu hawezi kusema kwamba herufi haina heshima mpaka aielewe.

4. KURANI YA MWAKA 1972

Mwaka 1972 ilichapishwa huko Paris tafsiri ya Kurani kwa Kifaransa iliyofanywa na mshairi Jean Grosjean, na Zenderoudi akapewa kazi ya kuipamba. Kitabu hicho kilipewa tuzo ya UNESCO ya kitabu kizuri kuliko vyote mwaka ule.

Fikirini mzigo wa kazi ile. Mtu aliyezoea kuziacha herufi ziruke kama ndege, sasa anakaa jirani na Maneno ambayo lazima yasomwe na yaeleweke. Alichofanya ni kupamba kwa rangi na herufi bila kuchora umbo la mtu wala mnyama, na maneno ya tafsiri yakabaki yanasomeka. Mapambo yalikaa mahali pa mapambo. Huo ni ustadi, na ni adabu pia.

5. HERUFI ZIKASEMA

Mwaka 2008, katika mnada uliofanyika Dubai, picha yake ya herufi ya mwaka 1981 ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili. Januari 2017 serikali ya Marekani ilizuia watu wa nchi saba za Kiislamu kuingia nchini humo: Irani, Iraki, Libya, Somalia, Sudani, Siria na Yemeni. Amri hiyo ilibadilishwa mara kadhaa, ikafutwa mwaka 2021. Siku chache baada ya kutolewa, jumba la makumbusho la MoMA, mjini New York, lilitoa baadhi ya picha za wachoraji maarufu wa Ulaya na Marekani, likatundika kazi za watu wa nchi zilizozuiwa. Kati yao alikuwemo Ibrahim El-Salahi wa Sudani, na ilikuwemo ile picha ya Zenderoudi ya mwaka 1962. Pembeni ya kila kazi waliandika kwamba mwenye kuifanya ametoka katika nchi ambayo watu wake wanazuiwa kuingia. Picha iliyozaliwa kutoka karatasi za dua za maskini wa Tehran ikawatetea wageni mlangoni, na wengi walioitazama hawakuweza kuisoma hata herufi moja.

MAFUNZO YETU

Kwanza: tusidharau vya kwetu. Kijana yule hakupata jina kwa kuwaiga Wazungu, alilipata kwa kutazama kishubaka cha maji cha mtaani kwake. Na sisi tunao ubao wa madrasa na mikono ya wazee wetu wa Maniema walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Pili: herufi haifanyi kazi ya msomaji. Mzazi anayemfunga mtoto hirizi shingoni na kumwacha bila kujua alifu wala be, amemvika nguo akamnyima chakula. Mpelekeni madrasa, mvulana na msichana sawasawa.

Tatu: herufi ni amana. Watu wamelipa mali nyingi kwa ajili ya alama za wino ambazo hazitaji aya. Na sisi? Karatasi zenye jina la Mungu tunazikuta sokoni zimefungia karanga na mandazi, au zimekanyagwa matopeni. Hata karatasi hii unayoishika ina jina Lake. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani asiyefika leo, msomee mama asiyejua kusoma, kisha iweke mahali pa juu.

Ee Mola wetu, tufundishe tusiyoyajua, utunufaishe kwa uliyotufundisha, na uwajalie watoto wetu kuwa watu wa kalamu. Amina.

Wabillahi tawfiq.