Somo la Muziki: Melodia na Mkazo wa Maneno



Miaka kadhaa iliyopita tulitunga wimbo wa matoleo. Kwaya iliupenda, tukaufanyia mazoezi majuma matatu, na Dominika ilipofika ikaimba bila kosa. Waamini wakatutazama tu. Dominika ya pili hali ikawa ileile. Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya akatuambia, "Walimu, wimbo ni mzuri, lakini hatusikii mnaimba nini." Kwanza tulidhani anasema habari za spika. Tulipokaa chini na karatasi ya nota tukaona kwamba spika hazikuwa na hatia. Melodia yetu ilikuwa inavuta maneno upande mmoja na Kiswahili kinavuta upande wa pili.

Ndiyo maana somo hili la misingi ya melodia tunaliandika kwa ajili ya waseminari, ambao kesho watakuwa mapadre wa kuamua nini kiimbwe parokiani, na pia kwa ajili ya waamini wote wanaoshika kitabu cha nyimbo.

Melodia ni nini? Ni sauti moja moja zinazofuatana, kila moja ikiwa na kimo chake (juu au chini) na urefu wake (mapigo mangapi), mpaka sikio linazipokea kama mstari mmoja. Wengine huiita mahadhi au lahani. Kwaya ikiimba sauti nne, kwa kawaida melodia huwa kwa soprano, na ndiyo anayoondoka nayo mwamini akirudi nyumbani. Besi ya wimbo haimsindikizi mtu mpaka shambani.

Majina ya sauti mnayajua: do, re, mi, fa, so, la, ti. Asili yake ni mmonaki Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, aliyetumia utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji ambao mistari yake ya mwanzo ilianza kila mmoja sauti moja juu ya uliotangulia. Do wakati huo iliitwa ut. Herufi d, r, m tunazoandika kwenye karatasi za kwaya zilienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19.

Melodia husogea kwa namna mbili. Inaweza kwenda kwa hatua, yaani kutoka sauti moja hadi jirani yake, kama d kwenda r. Inaweza pia kuruka, kama d kwenda s. Hatua ni rahisi kuimba. Mruko una nguvu, lakini unachosha ukizidi, na baada ya mruko mkubwa sikio hupenda kurudi kwa hatua upande ulikotoka. Nyimbo za Kigregori huenda zaidi kwa hatua, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu wasiosoma nota kuweza kuzishika.

Mfano mzuri ni Salve Regina katika tuni yake rahisi, ile inayoimbwa seminarini baada ya Sala ya Usiku. Maneno hayo mawili ya mwanzo yanaimbwa d m, s l s. Melodia inapanda kwa miruko miwili, inaongeza hatua moja, inarudi. Sauti ya juu kabisa, l, imeangukia "gi" ya Regina, silabi yenye mkazo katika Kilatini. (Msomaji makini atasema "Salve" ina mkazo mwanzoni, mbona "ve" iko juu zaidi? Ni kweli. Melodia si mashine, na hapo ilikuwa bado inapanda kwenda kileleni.)

Sasa tuje kwetu. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Sema "barabara" ukikaza "ba" ya pili, umetaja njia ya magari. Kaza "ra" ya kwanza, umesema sawasawa. Melodia inaweza kuhamisha mkazo huo bila mtunzi kujua. Tuchukue mstari tuliojitungia kwa ajili ya somo: "Tufungulie mlango, Baba." Una silabi kumi, kwa sababu "m" ya mlango ni silabi kamili, na mikazo iko kwenye silabi ya 4 (li), ya 7 (la) na ya 9 (Ba). Imbeni hivi:

d r m m s – f m f – r d

Silabi "e" imepata s, sauti ya juu kuliko zote, na "ngo" imepanda juu ya "la". Msikilizaji anasikia "tufungulié mlangó". Sasa jaribuni hivi:

d d r m r – r s m – r d

"Li" iko juu ya majirani zake, "la" imepata kilele kwa mruko, na "Baba" inashuka kwa hatua hadi d, ambapo melodia hupumzika kama sentensi kwenye nukta. (Mstari ukiishia s au r, sikio hungoja jibu.) Mstari huu mtu anaushika akiusikia mara mbili.

Kosa linalotuponza zaidi, hata hivyo, liko kwenye ubeti wa pili. Mtunzi huhesabu silabi, akiona zimelingana anaridhika. "Tumekuja sote na watoto" ina silabi kumi pia. Iimbeni kwa melodia hiyo nzuri: kilele kinaangukia "na", kaneno kasiko na uzito wowote, kanapigiwa kelele na kanisa zima! Mikazo yake iko kwenye silabi ya 3, 5 na 9. Lakini "Tusikilize watoto wako" ina 4, 7 na 9, na inakaa kama imezaliwa humo. Wimbo wetu wa matoleo ulikuwa na beti tano, na ni ubeti wa kwanza tu uliokuwa salama.

Angalieni pia silabi kama "m" ya mtu au "n" ya nchi. Mkazo uko hapo, lakini hakuna irabu ya kufungulia kinywa. Ukiiwekea sauti ndefu ya juu, kwaya nzima inaguna. Na wenzetu wanaotunga kwa lugha zenye toni, kama Kihaya na Kiganda, wana kazi ngumu zaidi, maana huko kimo cha sauti kinaweza kubadili maana ya neno lenyewe.

Kuhusu upana tutasema kidogo. Kwaya yenye mazoezi inaweza kupewa oktava moja na nusu. Waamini wa Misa ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, wapewe oktava moja au sauti tisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, namba 121, unawataka watunzi wasiandike kwa ajili ya kwaya kubwa tu, bali pia kwa kwaya ndogo na kwa ushiriki wa waamini wote.

Zoezi: chukueni kiitikio cha wimbo wa katikati wa Dominika ijayo. Kisomeni kwa sauti mara tatu, polepole, kama msomaji kwenye mimbari. Pigieni mstari silabi zenye mkazo. Ndipo mfungue karatasi ya nota na kuangalia sauti za juu na zile ndefu zimeangukia wapi. Penye kugongana, andikeni melodia yenu kwa solfa, isiyozidi sauti sita, kisha mpeni mtu asiye mwanakwaya aiimbe.