Somo la Usalama: Springi ya Rivolva Si Mnyororo wa Baiskeli

Ndugu wananchi wa mpakani, katika somo la toleo hili tunajibu swali tulilolipokea kutoka kwa mzee mmoja aliyefika katika dawati letu la polisi jamii. Marehemu baba yake alimwachia rivolva ya Kiingereza, naye mwenyewe ana leseni halali. Springi inayoisukuma nyundo ya silaha hiyo ilikuwa imekatika. Jirani akamnong'oneza kwamba ng'ambo ya mpaka yuko fundi mwenye vipuri vya silaha za zamani. Mzee akatuuliza: “Bastola yenyewe nitaiacha nyumbani. Je, kununua kachuma tu ni kosa?”

Swali hilo ni la haki. Wakazi wa Busia, Malaba na Lwakhakha huvuka kila siku kutafuta mnyororo wa baiskeli au pampu ya maji, na hakuna awalaumuye. Lakini kipuri cha silaha kina sheria yake. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na kuanza kutumika tarehe 5 Mei 2006, inadhibiti silaha ndogo pamoja na vipuri ambavyo bila hivyo silaha haiwezi kufanya kazi. Uganda na Kenya zote mbili zimo. Basi springi ile, silinda na mtutu si vyuma vya kawaida: anayevivusha bila kibali huhesabiwa kuwa amevusha silaha.

Kuna sababu ya pili, nayo ni uhai wa mwenye silaha. Tuchukue mfano wa Webley Mk VI, iliyoingizwa katika jeshi la Uingereza mwaka 1915. Kiwanda chake kiliacha kuunda silaha za moto mwaka 1979, kwa hiyo kipuri kinachopatikana leo mara nyingi kimetolewa katika bastola nyingine iliyochakaa. Silinda isiyolingana sawasawa na mtutu huifanya risasi ikwaruze ukingo, na vipande vya risasi huruka pembeni, kuelekea mkono wa mpigaji na uso wa aliye karibu.

Tena, baadhi ya Webley hizo zilipouzwa Marekani zilikatwa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi za .45 za kule, ambazo msukumo wake ni mkubwa kuliko wa risasi za asili za .455. Mnunuzi wa gizani hawezi kujua silinda aliyouziwa ilipitia mikono ya nani.

Kwa hiyo tunawashauri yafuatayo:

1. Usiibebe silaha mbovu kutafuta fundi. Toa taarifa kituoni kwanza, uelekezwe namna ya kuifikisha.
2. Matengenezo na ununuzi wa vipuri vifanywe na fundi au mfanyabiashara mwenye leseni ya kazi hiyo. Kipuri cha kutoka nje kiagizwe kwa kibali, wala kisifichwe mfukoni.
3. Usikivushe hata kipande kilichovunjika kwa nia ya kukitumia kama sampuli.
4. Uliyerithi silaha, kumbuka kwamba leseni ya marehemu hairithiwi. Jitokeze mapema.
5. Ikiwa kipuri hakipatikani, unaweza kuisalimisha silaha. Dai hati ya kupokelewa, uitunze.

Mzee wetu alisikiliza yote, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba baba yake aliitunza bastola ile kwa heshima, naye hataki iwe sababu ya mjukuu kupoteza jicho au yeye kulala rumande katika uzee wake. Hakuvuka. Afisa wetu wa silaha aliifuata nyumbani kwake, na mzee akabaki na hati yenye namba ile ile iliyochongwa kwenye chuma.

Ndugu zetu, mlango wa kituo u wazi kwa mwenye swali kama hili. Ni heri kuuliza kabla ya safari kuliko kujieleza kizuizini.