Wa Kulaumiwa: Barabara au Dereva?

SWALI: Sisi wa Leparua tukishika lami kwenda Nairobi kupitia Meru, kila ajali tunaambiwa ni "kosa la dereva". Kwani barabara haina kosa?

JIBU: Inalo, tena kubwa. Chukua daraja la Nithi, kwenye njia hiyo hiyo yenu: mteremko mrefu, kona kali, halafu daraja. Julai 24, 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ikasemwa breki zilifeli. Sawa, lakini madereva tofauti wakiangukia palepale miaka nenda miaka rudi, utasemaje ni tabia ya mtu? Breki zikikanyagwa mteremko mzima hupata moto na kuacha kushika. Mjuzi huingiza gia nzito tangu juu. Mhandisi naye hapaswi kuchora barabara inayosamehe wajuzi peke yao.

Dereva simwachi. Mwendo ukiongezeka maradufu, breki huhitaji umbali mara nne. Kwenye lami iliyonyooka ya Isiolo kwenda Moyale, mwendo huo ni wa mguu wake. Nithi, kwangu mimi, ni barabara kwanza. Mkipanda matatu, mwambieni dereva abadilishe gia kabla ya mteremko.