Somo: Maneno ya Mkutano wa Intaneti

Ndugu wanakikundi, mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Garsen–Lamu, safari zilikwama. Siku kama hizo mkutano waweza kufanyika kwenye simu, kwa intaneti.

Linki ni ile anwani unayotumiwa, ukiibonyeza unaingia. Mwenyeji ni aliyeuitisha mkutano, na anaweza kukuzimia maiki. Hapo ndipo pa kuangalia sana! Maiki ikizimwa, wewe unasikia lakini husikiki. Basi mwenyekiti akiuliza, "Tutoe pesa za akiba?", kimya kisihesabiwe kuwa ndiyo. Katibu amwite kila mmoja kwa jina.

Bando ikikaribia kwisha, zima video, bakiza sauti. Na mama aliye Tarasaa akipotea hewani, kura ingojee arudi.